Mbu wa Kaharabu na Mifupa ya Tendaguru

Mwezi Julai mwaka 2025 ilianza kuonyeshwa ulimwenguni sinema iitwayo Jurassic World Rebirth, nayo ni ya saba katika mfululizo ulioanza mwaka 1993 kwa Jurassic Park ya Steven Spielberg. Miaka 32 ni umri wa mtu mzima. Walimu wengi wanaofundisha Bayolojia leo waliiona ile ya kwanza wakiwa wanafunzi, aghalabu katika kibanda cha video, sauti ya mtafsiri ikifunika maneno ya wachezaji. Wanafunzi wao wanaiona hii ya saba kwenye simu. Ni vigumu kutaja hadithi nyingine ya kisayansi iliyowafikia watu wengi kiasi hicho na kukaa vichwani mwao muda mrefu hivyo. Kwa sababu hiyo haifai kuiacha nje ya mlango wa darasa kana kwamba ni mchezo mtupu. Mwanafunzi anapoulizwa vinasaba ni nini, huenda kinachomjia kwanza akilini si maneno ya kitabu bali ni yule mbu aliyenaswa katika kaharabu.

Hadithi yenyewe yafahamika. Tajiri mmoja, John Hammond, anawaajiri wanasayansi waichukue damu ya dinosaria kutoka matumboni mwa mbu waliogandia ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kuwa kitu kama jiwe. Mapengo ya vinasaba yanazibwa kwa vinasaba vya chura, mayai yanaanguliwa, na kisiwa kinajaa wanyama ambao jamii zao zilitoweka zamani za kale, wa mwisho wao miaka milioni 66 iliyopita. Kisha umeme wa uzio unazimika. Michael Crichton, aliyetoa mwaka 1990 riwaya iliyozaa sinema hiyo, alikuwa amesomea udaktari wa tiba, na alijua kuchagua uongo unaokaa nyumba moja na ukweli. Mwaka 1984 watafiti walikuwa wamekwisha kusoma vipande vya vinasaba kutoka ngozi ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia wa Afrika Kusini, ambaye wa mwisho wake alikufa mwaka 1883. Njia ya kurudufu vinasaba kwa wingi katika maabara ilikuwa imebuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kama ngozi ya miaka mia moja ilisomeka, kwa nini isiwe ya miaka milioni mia moja?

Swali hilo halikuulizwa na watunzi wa hadithi peke yao. Mwezi Juni mwaka 1993, mwezi uleule sinema ilipotoka, jarida la Nature lilichapisha habari ya watafiti waliosema kuwa wamepata vinasaba vya mdudu wa kaharabu ya Lebanoni, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120. Mwaka uliofuata wengine walitangaza katika jarida la Science kwamba wamesoma vinasaba vya mifupa ya miaka milioni 80. Haukupita muda mrefu ikabainika kuwa vinasaba vya mifupa ile vilikuwa vya binadamu, yaani uchafu ulioingia wakati wa kazi. Nao wataalamu wa jumba la makumbusho ya viumbe la London walipojaribu kurudia kazi ya kaharabu kwa uangalifu, wakatoa matokeo yao mwaka 1997, hawakuambulia kitu. Kisa hiki kinastahili kipindi kizima cha darasa, labda kuliko sinema yenyewe. Ndani yake mwanafunzi huona jambo ambalo vitabu vya kiada hulitaja kwa sentensi moja tu: kwamba ugunduzi hauwi ugunduzi mpaka mtu mwingine, katika maabara nyingine, asiye na shauku ya kuuamini, aurudie na kupata matokeo yaleyale.

Jibu la mwisho lilitoka katika mifupa ya ndege. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliokwisha kutoweka. Walikuta kwamba, kwa vipande vya urefu waliouchunguza na katika ardhi yenye joto la nyuzi 13 hivi, vinasaba hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 521. Hesabu inayofuata iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Baada ya vipindi 10, yaani miaka 5,210, hubaki sehemu moja tu kati ya 1,024. Baada ya vipindi 20, yaani miaka 10,420, hubaki moja kati ya milioni moja na ushei. Sasa miaka milioni 66 igawanywe kwa 521: hupatikana vipindi zaidi ya 126,000. Hakuna haja ya kuendelea. Hata kama dinosaria angekuwa mkubwa kama mlima, asingebakiza uzi hata mmoja. Baridi husaidia, lakini si kwa kiasi hicho. Watafiti haohao walikadiria kwamba hata katika baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri viungo vyote vingekuwa vimekatika baada ya miaka milioni 6.8. Vinasaba vya kale kuliko vyote vilivyosomwa, vilivyotangazwa mwaka 2022, vilitoka katika udongo ulioganda wa Greenland, na umri wake ni miaka kama milioni 2. Mtu atafutaye vinasaba vya dinosaria katika ardhi ya joto atakuwa amepoteza muda wake na nauli yake.

Je, sinema ilaumiwe kwa kosa hilo? La hasha. Mwaka 1993 wasomi wenyewe walikuwa hawajakubaliana. Lawama inaanzia baadaye, pale elimu iliposonga mbele nayo sinema ikabaki ilipokuwa. Mwaka 1996 ilitangazwa kutoka China habari ya Sinosauropteryx, dinosaria mdogo aliyekuwa na vinyoya. Mwaka 2007 ikaonyeshwa kuwa mfupa wa mkono wa Velociraptor una vijinundu mfano wa vile vinavyoshikilia mashina ya manyoya ya ndege. Mnyama huyo, ambaye katika sinema ana kimo cha mtu na ngozi ya mamba, kwa kweli alikuwa na ukubwa wa bata mzinga pamoja na mkia mrefu, na mwili wake ulikuwa na manyoya. Sinema ya mwaka 2022 iliwavika manyoya dinosaria wachache, lakini wale mashuhuri iliwaacha uchi. Ile ya mwaka 2015 ilijitetea kwa ujanja: ilimpa mwanasayansi wake maneno ya kukiri kwamba wanyama wale hawakuwa halisi tangu mwanzo, bali walitengenezwa kuwaridhisha watazamaji. Utetezi huo ni wa haki, ila haumsaidii mwanafunzi ambaye hana habari nyingine.

Habari nyingine iko uani. Ndege ni tawi la dinosaria lililosalimika, na ushahidi wake hauhitaji maabara. Kuku wa sikukuu ana ule mfupa wa umbo la V kifuani, ambao dinosaria wengi wala nyama walikuwa nao pia. Miguu yake ina magamba na vidole vitatu vilivyoelekea mbele, na mifupa yake kadhaa ina uwazi wa hewa. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake waoshe mifupa ya kuku na kuilinganisha na picha ya mifupa ya Velociraptor atakuwa ametoa somo la mageuko ambalo Hollywood haijalitoa kwa sinema saba.

Sinema za kati hazidai maneno mengi. Za mwaka 1997 na 2001 ni mbio na makelele. Iliyo nzuri kati yao ni ile ya mwaka 2015, kwa kuwa inasimulia, pengine bila kukusudia, habari zake yenyewe: watalii wamechoka na dinosaria wa kawaida, basi maabara inatakiwa iunde mwenye meno makubwa zaidi.

Rebirth, iliyoongozwa na Gareth Edwards na kuandikwa na David Koepp, mmoja wa waandishi wa ile ya kwanza, inaanza palepale penye uchovu. Dinosaria wameenea duniani, lakini hali ya hewa ya sehemu nyingi imewashinda, na waliobaki wanaishi karibu na ikweta. (Ikweta hupita Kenya, Uganda na Kongo pia, lakini mtunzi hakufika huko, alitosheka na kisiwa cha kubuniwa katika Bahari ya Atlantiki.) Mtaalamu wa visukuku, Dk. Henry Loomis, anaona maonyesho ya jumba lake la makumbusho yakifungwa kwa kukosa wageni. Hapo ndipo penye ukweli mwingi kuliko pengine pote katika sinema hii, na hakuna mnyama hata mmoja anayekimbiza mtu.

Lipo na tukio la mwanzo ambalo mwalimu yeyote wa sayansi atalipenda kwa uchungu. Mfanyakazi wa maabara anaangusha karatasi ya peremende. Karatasi inavutwa na mitambo ya mlango. Mlango unakataa kufunga. Mnyama wa kutisha anatoka. Katika sinema ya kwanza mtaalamu wa hisabati, Ian Malcolm, alihubiri kwamba badiliko dogo mwanzoni huweza kuzaa tofauti kubwa mwishoni, jambo ambalo Edward Lorenz alilieleza mwaka 1963 kwa milinganyo ya hali ya hewa. Baada ya miaka 32 mahubiri yale yamekuwa karatasi ya peremende. Anayepambana na wanafunzi wanaokula maabarani hatapata kielelezo kilicho bora zaidi.

Kiini cha hadithi, hata hivyo, ni dawa. Kampuni moja inataka damu ya viumbe watatu walio wakubwa kupita wote, mmoja wa majini, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa angani, ili itengeneze dawa ya moyo. (Wa majini na wa angani si dinosaria kwa mujibu wa elimu ya visukuku, nalo ni swali zuri la mtihani.) Hoja ya kwamba moyo mkubwa una siri ya kuponya moyo mdogo imeelezwa kwa haraka mno, na wakosoaji wameicheka. Wamekosea kwa kuicheka yote. Twiga ana shinikizo la damu karibu mara mbili ya lile la binadamu, na moyo wake hauharibiki. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba panya waliopewa umbo la twiga la jeni moja iitwayo FGFRL1 walistahimili dawa ya kupandisha shinikizo la damu kuliko wenzao. Utafiti huo haujazaa dawa, lakini njia yake ni ileile ya sinema, isipokuwa kwamba twiga yupo, tena yupo Mikumi na Serengeti, wala hahitaji kufufuliwa.

Tena dawa za namna hiyo zipo tayari. Kaptoprili, ambayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wameimeza, asili yake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Mwanasayansi wa Brazili, Sérgio Ferreira, alionyesha katikati ya miaka ya 1960 kuwa sumu hiyo ina kitu kinachogusa mfumo wa shinikizo la damu; elimu hiyo ikasafiri hadi London, kisha Marekani, na dawa ikaanza kuuzwa mwaka 1981 na kampuni ya Marekani. Nyoka ni wa Brazili, mtafiti wa kwanza ni wa Brazili, lakini faida kubwa haikwenda Brazili. Ni visa vya namna hiyo vilivyosukuma mataifa kupitisha mwaka 2010 Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi yenye kiumbe igawiwe haki katika faida itokanayo na vinasaba vyake.

Mwishoni mwa Rebirth damu hiyo inaamuliwa itolewe kwa ulimwengu wote badala ya kampuni moja. Uamuzi ni mwema, lakini unakuja kwa mkupuo wa maneno machache, kama mtu anayelipa deni akiwa tayari mlangoni. Nani ataitengeneza dawa hiyo? Kwa mashine za nani? Itauzwa kwa bei gani katika zahanati ya Newala? Sinema ya mwaka 1993 ilisimama, watu wakakaa mezani wakabishana kama ilikuwa haki kufanya kile kilichowezekana kufanywa. Hii ya saba ina swali zito kuliko lile, nayo haikulitengea meza.

Na swali hilo lina historia yake katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa njia ambayo watazamaji wengi hawaijui. Mnyama anayewafungulia wageni maajabu katika sinema ya kwanza, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, ni Brachiosaurus. Mifupa ya kwanza ya jina hilo ilielezwa kutoka Colorado, Marekani, mwaka 1903, lakini haikuwa na fuvu. Umbo la Brachiosaurus lililozoeleka duniani, kichwa, shingo na mabega, limetokana kwa sehemu kubwa na mifupa ya kilima cha Tendaguru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka mji wa Lindi. (Kutafuna kama ng'ombe, kama anavyofanya katika sinema, hakukutoka Tendaguru, meno yake hayakuwa ya kutafunia.)

Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani aliiona mifupa hiyo ikichomoza ardhini. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba huko chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nchi ilikuwa imetoka tu katika Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyovifuata. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye alikuja kuifanya kazi hiyohiyo na Waingereza katika miaka ya 1920. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, zikasafirishwa kwa meli. Mwaka 1937 mifupa iliyounganishwa ilisimamishwa Berlin, na kimo chake kinapita mita 13. Tangu mwaka 2009 wataalamu wengi wameikubali hoja kwamba mnyama wa Tendaguru ni wa jenasi nyingine, naye huitwa Giraffatitan, jina lenye twiga ndani yake.

Suala la kuirejesha mifupa hiyo limezungumzwa zaidi ya mara moja katika Bunge la Tanzania. Wapo wanaosema irudi, na wapo wanaosema kuwa gharama za kuitunza ni kubwa. Mabishano hayo ni halali, lakini yamefunika upungufu ulio karibu zaidi. Mtoto wa Lindi anamjua mnyama huyo kwa njia ya sinema ya Marekani iliyofuata michoro iliyofuata mifupa iliyobebwa, huenda, na babu wa babu yake. Ili kuukata mzunguko huo haihitajiki ndege ya kutoka Berlin. Yahitajika sura moja katika kitabu cha kiada, ramani ya Tendaguru ukutani, na jina la Boheti bin Amrani litajwe darasani sambamba na la Janensch.

Kuna jambo jingine lililoifanya sinema ya mwaka 2025 ionekane imechelewa. Mwezi Aprili mwaka huohuo kampuni ya Marekani iitwayo Colossal Biosciences ilitangaza kuwa imewarudisha duniani mbwa mwitu wakubwa wa kale wa Amerika, waliotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watoto watatu walionyeshwa, weupe na wazuri wa kutazamwa. Kilichofanyika ni kwamba vinasaba vya mbwa mwitu wa kijivu, ambaye yupo hai, vilibadilishwa mahali 20 katika jeni 14. Wanasayansi wengi walipinga kuwaita wanyama hao kwa jina la waliokufa, na upinzani wao una haki. Hammond aliziba mapengo ya dinosaria kwa chura. Hapa chura amepakwa rangi ya dinosaria. Kwa upande wa ufundi ni kazi kubwa. Kwa upande wa jina ni biashara.

Yalinganishwe hayo na kazi inayofanyika Ol Pejeta, Laikipia, nchini Kenya. Kifaru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa mwezi Machi mwaka 2018. Hadi mwaka 2025 walikuwa wamebaki majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu, wala hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Watafiti wamechukua mayai ya Fatu na kuyarutubisha kwa mbegu zilizohifadhiwa katika ubaridi mkubwa. Mwezi Januari mwaka 2024 walitangaza kuwa kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kilichotungwa maabarani kilishika tumboni mwa jike mwingine. Jike huyo alikufa kwa ugonjwa wa bakteria, mimba ikiwa na siku 70 hivi, lakini njia ilikuwa imethibitika. Hapakuwa na muziki wa kishindo. Mwanafunzi wa Nanyuki anaweza kufika huko kwa basi na kumwona Fatu akila majani, na hataweza kumwona Distortus rex wa Rebirth mahali popote.

Kwa hiyo mwalimu aionyeshe Rebirth akipata nafasi, au ile ya kwanza, ambayo bado ni bora. Kisha azime mashine na kuuliza mambo mawili: damu hiyo ni ya nani, na hesabu ya vipindi vya miaka 521 inasemaje. Kama bado kuna dakika kabla ya kengele, aandike ubaoni jina la mnyama mmoja. Wa nchi kavu kati ya wale watatu wa sinema, anayewindwa kwa ajili ya moyo wake, ni wa kundi la titanosaria. Mwaka 2019 titanosaria mwingine, aliyechimbwa kusini-magharibi mwa Tanzania katika bonde la ufa la Rukwa, alipewa jina rasmi la kisayansi. Baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo, na mto uliokuwa karibu unaitwa Mtuka. Jina lake katika vitabu vya wataalamu wa ulimwengu wote ni Mnyamawamtuka moyowamkia, nalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kulisoma kwa sauti na kulielewa lote bila kufungua kamusi.